Chumba cha kulala kinapimwa ukiwa umelala: tujadili jinsi ya kukipanga kiwe cha kupumzikia

Mkesha_Mwema (mleta uzi)

Habari za wakati huu wakuu.

Nimefanya kazi ya zamu kwa miaka 11, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya usingizi wangu nimelala jua likiwa juu, watoto wanacheza nje na majirani wanagonga misumari. Anayelala usiku anaweza kukivumilia chumba kibaya kwa kuwa giza na ukimya wa nje vinambeba. Mimi sikuwa na cha kunibeba. Chumba chenyewe ndicho kilichotakiwa kunilaza, na kwa muda mrefu hakikuweza, ingawa kila mgeni alikisifia.

Kosa langu ni kwamba nilikipanga nikiwa nimesimama mlangoni. Rangi, pazia, mito ya mapambo, kioo kirefu, vyote nilivichagua kwa jicho la mtu anayeingia. Siku moja nimetoka zamu, usingizi umegoma, nikabaki chali natazama dari. Ndipo nilipokiona chumba changu kwa mara ya kwanza. Balbu tupu juu ya uso wangu. Kioo kinadaka mwanga wa dirisha na kuumwaga kwenye mto. Taa ya kijani ya chaja inawaka ukutani. Nguo za kupiga pasi zimerundikana kwenye kiti, usawa wa macho kabisa, zinanidai. Kutoka mlangoni hakuna hata kimoja kilichokuwa kinakera.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja, na nawaomba mkijaribu kabla hamjanunua chochote. Lala kitandani saa ileile unayolala siku zote, upande wako, kichwa kwenye mto wako. Zima taa. Kaa hivyo dakika 15 bila simu. Kila unachokiona, unachokisikia, unachokinusa na kinachokugusa vibaya, kiweke kichwani, kisha amka uandike. Orodha hiyo ndiyo kazi yako. Mimi yangu ilikuwa na vitu 14, na 11 kati yake vilikuwa vya kuondoa tu.

Nianze na mwanga, maana ndio ulionitesa zaidi.

Ndani ya jicho, mbali na chembe zinazotuwezesha kuona, kuna chembe nyingine ambazo kazi yake kubwa ni kuupa ubongo taarifa kama ni mchana au usiku. Watafiti walizithibitisha mwaka 2002. Zinashtuka zaidi kwa mwanga wa rangi ya samawati, karibu na nanomita 480, na zikishtuka, ubongo unapunguza kutoa melatonini, ile homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Kope zikifumbwa hazizuii mwanga wote. Ndiyo maana mtu anaweza kulala saa zake zote chini ya mwanga na bado akaamka mzito.

Kwa vitendo basi. Tazama boksi la balbu, kuna namba yenye herufi K. Balbu ya 6500K ni nyeupe kama mchana, inafaa sehemu ya kazi. Ya 2700K ni ya manjano, karibu na rangi ya moto wa taa ya zamani, na hiyo ndiyo ya chumbani. Lakini hata ya manjano ikiwa kali na ipo juu ya uso bado inasumbua. Weka taa mbili ndogo, chini ya usawa wa macho ukiwa umekaa kitandani, zenye kivuli kinachofunika balbu. Saa moja au mbili kabla ya kulala, taa ya dari izimwe kabisa. Ukipata swichi unayoifikia ukiwa umelala, umemaliza. Kuamka kwenda kuzima taa ukutani wakati usingizi ushakuja ni adhabu ambayo wengi wetu tumeizoea tu.

Taa ndogo za vifaa zibandikwe kipande cha utepe mweusi. Saa yenye tarakimu zinazong'aa igeuzwe uso ukutani, ukizingatia pia kwamba kuamka usiku na kuhesabu masaa yaliyobaki kunazidisha wasiwasi.

Pazia: uzito wa kitambaa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kingo. Mwanga unaingia juu na pembeni, kwa hiyo fimbo ya pazia ipite ukubwa wa dirisha angalau kiganja kimoja kila upande, na kitambaa kishuke chini ya fremu. Nilinunua pazia zito nikalitundika kwenye fimbo fupi, na mstari wa jua ukaendelea kunipiga jichoni miezi minne kabla sijagundua shida iko wapi.

Nitaendelea na joto. Mwenye maswali aanze tu.

Nyumba_Tulivu

Asante sana dada kwa uzi huu. Mimi sina shida ya mwanga, shida yangu ni joto. Nalala saa nne, saa nane niko macho, shuka limelowa. Feni ipo. Nifanyeje?

Mkesha_Mwema

Pole sana ndugu. Ngoja nieleze kwanza mwili unafanya nini, ndipo utajua pa kushika.

Ili ulale, joto la ndani ya mwili linatakiwa lishuke. Kwa usiku mzima linashuka karibu nyuzi 1 ya Selsiasi. Mwili unalitoa kupitia ngozi, hasa mikono na miguu, mishipa ya damu inapanuka huko na joto linatoka. Chumba kikiwa cha moto, au godoro likikumbatia mwili, joto hilo halina pa kwenda. Wataalamu wengi wa usingizi hutaja nyuzi 16 hadi 19 kwa chumba, lakini wengi wetu hatuwezi kufika huko, na hakuna haja ya kukata tamaa. Shughulika na vitu hivi vitatu.

Kwanza ukuta. Ukuta uliopigwa na jua la jioni unahifadhi joto na kulirudisha ndani usiku kucha. Saa tatu usiku weka kiganja ukutani nyuma ya kitanda chako. Ukihisi vuguvugu, hamisha kitanda. Mimi nilihamisha kitanda tu, sikununua kitu, na tofauti niliiona usiku uleule.

Pili dirisha. Mchana funga pazia upande unaopigwa na jua, jioni hewa ya nje ikishapoa fungua. Dirisha moja likiwa wazi hewa inasimama. Fungua na mlango au dirisha la upande wa pili, upepo upite. Feni iwekwe kwenye njia hiyo ya upepo. Ikikaa kona iliyofungwa inazungusha joto lilelile.

Tatu kitanda chenyewe. Sponji nene inahifadhi joto, na mfuko wa plastiki ambao watu huuacha kwenye godoro jipya unazidisha jasho. Utoe. Shuka liwe la pamba au kitani. Chini ya godoro pawe na chaga zenye nafasi kati yake, maana ubao mzima unazuia hewa na unyevu unakaa hapo mpaka kuvu inaota.

Na kuna jambo linaloonekana kinyume: oga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Yanaivuta damu kwenye ngozi, ukitoka joto la ndani linashuka haraka. Dakika 10 zinatosha.

Upepo_wa_Jioni

Naongezea hapo kwa wanaotumia chandarua. Kinapunguza upepo unaokufikia, feni ya mbali haikusaidii sana. Isogeze karibu ipulize moja kwa moja kwenye wavu, na wavu usibanwe ukutani.

Fundi_Randa

Salaam kwenu nyote. Mimi ni fundi seremala, milango na madirisha ndiyo kazi yangu ya maisha. Nichangie upande wa kelele, kwa sababu watu wanatumia nguvu nyingi mahali pasipo.

Sauti hupita pale hewa inapopita. Unaweza kuwa na mlango mzito wa mbao ngumu, lakini chini pana uwazi wa sentimita 2, mlango huo ni kama uko wazi. Kabla ya kufikiria kubadilisha mlango, ziba pengo la chini kwa ufagio wa mlango (kipande cha mpira au brashi kinachofungwa ukingo wa chini wa mlango), na kwenye fremu bandika mpira wa kuzibia. Dirisha la vioo vya kuteleza halizibi vizuri hata lifungwe namna gani. La bawaba linajibana lenyewe.

Mapazia mazito na zulia haviwezi kuzuia gari la nje. Kazi yake ni kumeza mwangwi wa ndani, chumba kisivume. Hiyo nayo ni faida, ila ijulikane ni faida ya aina gani. Kabati la nguo lililojaa, likiegemezwa kwenye ukuta unaopakana na jirani, linafanya kazi kuliko pazia lolote kwa sababu lina uzito. Uzito ndio unaozuia sauti.

Na kitanda kinacholia kila ukijigeuza, kaza boliti, na kati ya chaga na fremu weka vipande vya mpira au kitambaa kinene. Ni kazi ya nusu saa.

Mkesha_Mwema

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Hilo la kabati sikulijua.

Niongeze tu kiwango: Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wa mwaka 1999 lilitaja desibeli 30 kwa kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala, na desibeli 45 kwa sauti ya ghafla. Desibeli 30 ni karibu na mnong'ono. Kumbe hata maongezi ya kawaida chumba cha pili yanatosha kukuamsha. Nisipoweza kuzuia kelele, naifunika kwa sauti isiyobadilika kama ya feni. Kinachoamsha zaidi ni mabadiliko, kimya halafu mlango unabamizwa.

Kengele7

Samahani wakuu, napingana kidogo. Mkiziba milango na madirisha yote kama fundi anavyosema, hewa itatoka wapi? Mimi nililala miaka miwili kwenye chumba kilichozibwa hivyo, kila asubuhi kichwa kizito. Nilidhani ni godoro. Nilipoanza kuacha dirisha wazi kidogo kile kichwa kikaisha. Mimi nasema bora kelele kuliko hewa mbaya.

Mkesha_Mwema

Uko sahihi ndugu, hapa ndipo vitu viwili vinapogombana na lazima kila mtu apime chumba chake. Hewa ya nje ina hewa ya ukaa kama sehemu 420 kwa kila milioni. Watu wawili wakilala chumba kidogo kilichofungwa kabisa, alfajiri inaweza kuvuka 2000. Hewa hiyo haikuui, lakini usingizi hauwi mtamu, na asubuhi unaamka mzito.

Ninavyofanya mimi: nafungua kila kitu saa nzima kabla ya kulala, nabadilisha hewa yote. Kisha nafunga dirisha la upande wa barabara, naacha mlango wa ndani wazi upana wa mkono, uelekee upande uliotulia. Nikilala mchana ambapo ndani kuna kelele, nafanya kinyume. Kama huna upande uliotulia, nakubaliana na wewe, chagua hewa, kelele izibe masikioni kwa vizibo laini.

Fundi_Randa

Kengele7 umesema kweli, na mimi nilisahau kulisema. Kuna vipitisha hewa vya kuweka juu ya fremu, vyenye njia iliyopinda na kitambaa cha kumeza sauti ndani. Hewa inapita, kelele inapungua. Mwulize fundi wako.

Rangi_za_Asubuhi

Hamjagusa rangi kabisa! Mimi nimesoma mara nyingi kwamba samawati inatuliza na nyekundu inachangamsha. Nataka kupaka chumba upya, naomba ushauri.

Mkesha_Mwema

Dada, nakuambia ninachoamini baada ya kupaka chumba kimoja mara tatu. Rangi ipi ina umuhimu mdogo kuliko watu wanavyodhani. Taa ikishazimwa huioni. Kuna mambo mawili yaliyonigharimu kweli.

Moja ni mng'ao. Rangi ya mafuta inayong'aa inarudisha kila mwanga, hata ule mdogo wa taa ya kusomea, na ukuta unakuwa na madoa ya mwanga. Rangi ya maji isiyong'aa inaumeza. Paka hiyo, dari pia.

La pili ni taa utakayoiangalia nayo. Rangi uliyoichagua dukani chini ya taa nyeupe itakuwa kitu kingine kabisa chini ya balbu ya manjano. Kijivu kizuri kiligeuka rangi ya tope kwangu. Paka kipande cha ubao, kisimamishe mbele ya kitanda, kiangalie usiku tatu mfululizo kutoka kwenye mto. Ukiipenda hapo, ipake. Kama ni samawati na moyo wako unatulia ukiiona, basi ni samawati. Ukuta mweusi pia si kosa, nimeona chumba cha rangi ya kijani kizito kilichokuwa kinakukumbatia ukiingia.

Mgongo_Mbovu

Naomba kuuliza kuhusu godoro. Naumwa mgongo miaka sita. Kila mtu ananiambia lala kwenye godoro gumu, hata chini sakafuni. Nimefanya hivyo, mabega sasa nayo yanauma.

Mkesha_Mwema

Pole mkuu. Ushauri huo wa godoro gumu ni wa zamani na umeumiza wengi. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania uliohusisha watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walipewa godoro gumu, nusu la ugumu wa kati, bila kujua wamepewa lipi. Baada ya siku 90 waliolalia la ugumu wa kati walikuwa na nafuu kubwa zaidi.

Sababu unaweza kuiona mwenyewe. Ukilala ubavu, bega na nyonga vinatakiwa vizame kidogo ili uti wa mgongo unyooke. Sakafu haikuruhusu. Mwambie mtu akupige picha kwa nyuma ukiwa umelala ubavu: mstari wa mgongo ukipinda kama upinde, godoro ni laini mno. Bega likisukumwa juu, ni gumu mno. Mto nao ujaze nafasi kati ya bega na shingo, basi. Anayelala chali anahitaji mwembamba zaidi. Mto mdogo kati ya magoti, ukiwa ubavu, unapumzisha nyonga. Jaribu huo leo usiku kabla ya kununua kitu.

Lakini maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi, au yanayokuamsha kila usiku, hayo mpelekee daktari. Hata mtu anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, hakuna pazia litakalomsaidia, akapimwe.

Chumba_Kimoja

Nimesoma uzi wote kwa uchungu kidogo. Wengine chumba ndicho ofisi, ndicho sebule, ndicho kila kitu. Kitanda changu ndicho kiti changu cha kazi. Sisi tunapumzikaje?

Mkesha_Mwema

Ndugu yangu, nimeishi hivyo, na swali lako nalipenda kuliko yote.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alieleza njia ambayo mpaka leo hutumika kuwasaidia wanaokosa usingizi. Kiini chake ni kwamba kitanda kikihusishwa na kazi, mawazo na simu, mwili unajifunza kukaa macho ukiwa juu yake. Kwa hiyo kitanda kiachiwe usingizi, na ukikaa macho kama dakika 20, amka, kaa pengine kwenye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija.

Kwenye chumba kimoja huwezi kutenganisha kwa kuta, tenganisha kwa vitu vingine. Ondoka kitandani mchana, hata kama ni kukaa kwenye mto sakafuni na meza fupi. Meza ya kazi ikae nyuma ya kichwa cha kitanda, ukilala usiione. Kama haiwezekani, shuka jepesi litundikwe kwenye kamba mbele yake saa ya kulala. Taa ya kazi iwe moja, taa ya usiku nyingine, zisiwake pamoja kamwe. Na kitanda kitandikwe asubuhi kwa kitambaa kinachotolewa usiku tu. Kukitoa kile kitambaa kunakuwa ndiyo kufunga ofisi. Kwangu simu ililala ndani ya droo, upande wa mlango. Wiki ya kwanza nilihangaika. Wiki ya tatu sikuikumbuka.

Nyumba_Tulivu

Mrejesho. Nimegusa ukuta jana saa tatu, ulikuwa wa moto kama mgongo wa pasi iliyozimwa karibuni. Nimehamishia kitanda ukuta wa pili, nimetoa ule mfuko wa plastiki (ulikuwepo tangu siku ya kununua!). Nimelala mpaka saa kumi na moja. Ila mke wangu anasikia baridi sasa, anavuta blanketi lote.

Mkesha_Mwema

Nimefurahi mno. Wekeni mablanketi mawili, kila mtu na lake, kitanda kilekile. Miili miwili haipoi sawa. Na yeye avae soksi, miguu ikipata joto usingizi unamjia mapema.

Kengele7

Nami nimefanya zile dakika 15 usiku huu. Nimeandika vitu 9. Namba moja ni mstari wa mwanga wa koridoni chini ya mlango, sijawahi kuuona miaka yote hii. Mzee Fundi, huo ufagio wa mlango unafungwaje?

Fundi_Randa

Leo kunja taulo uliweke pale chini ulale. Kesho mchana pima upana wa mlango na kimo cha pengo kwa milimita, pande zote mbili maana sakafu nyingi haziko sawa, halafu niandikie hapa nikuelekeze.